Ahmad bin Majid: Malimu wa Bahari Mbili

Utangulizi

Mto Chania huteremka kutoka safu ya milima ya Nyandarua, hupita katika maporomoko yake mjini Thika, na hapo hukutana na mto Thika. Maji ya mito hiyo miwili huingia katika mto Tana, nao Tana huyabeba hadi karibu na Kipini, kwenye ghuba ya Ungwana, na kuyamwaga katika Bahari ya Hindi. Kwa hivyo, msomaji wa Thika au Ruiru hana sababu ya kudhani kwamba mambo ya bahari ni ya watu wa pwani peke yao. Lugha anayoisoma imekulia kwenye ukingo wa bahari hiyo, na sehemu kubwa ya msamiati wake imetoka kwa watu waliosafiri humo.

Miongoni mwa watu hao, hakuna anayetajwa sana na kusomwa kidogo kama Ahmad bin Majid. Wengi humjua kwa jambo moja tu, kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Jambo hilo lina utata mkubwa, kama itakavyoonyeshwa. Lisilo na utata ni kwamba mtu huyu aliandika kazi zipatazo 40, nyingi zikiwa za kishairi, na kwamba katika kazi hizo alieleza kwa utaratibu kanuni za maumbile zinazokiwezesha chombo kufika kinakokwenda: mwendo wa nyota, nguvu ya pepo, tabia ya sumaku na kina cha maji. Alikuwa malimu wa bahari mbili, ile ya maji na ile ya ushairi. Makala hii inasimulia maisha yake kwa kuziangalia bahari hizo zote mbili, ili ibainike kwamba sifa na lawama alizorundikiwa kwa sababu ya safari moja zimeifunika kazi ya umri mzima.

Kuzaliwa na Malezi

Ahmad bin Majid alizaliwa katika miaka ya 1430 huko Julfar, bandari iliyokuwa katika sehemu ambayo leo ni Ras al-Khaimah, kwenye Ghuba ya Uajemi. Ukoo wake ulijinasibisha na Najd, bara la Arabuni, lakini riziki yake ilikuwa baharini. Babu yake alikuwa malimu, na baba yake, Majid bin Muhammad, alikuwa malimu pia. Katika istilahi ya mabaharia wa zama hizo, nahodha alikuwa msimamizi wa chombo na mali iliyomo, ilhali malimu alikuwa mjuzi wa njia. Nahodha aliweza kuamua waende wapi, lakini ni malimu aliyejua namna ya kufika.

Bahari ambayo ukoo huo uliijua zaidi ni Bahari ya Shamu, yenye miamba mingi na njia nyembamba. Baba yake alitunga shairi refu juu ya bahari hiyo, liitwalo Hijaziyya, lenye beti zaidi ya 1000. Hivyo Ahmad alikua katika nyumba ambamo elimu ya njia za maji ilirithishwa kwa ushairi. Hata hivyo, hakuurithi ushairi huo kwa kuufumba macho. Alipokuwa mtu mzima aliyakagua yale aliyoyaandika baba yake, akayalinganisha na yale aliyoyaona mwenyewe, na palipokuwa na kosa akalisahihisha. Kitendo hicho kinaeleza tabia yake yote. Alimheshimu mzazi, lakini aliuheshimu ukweli wa bahari zaidi, kwani mwamba hauhami kwa kuwa mzee alisahau kuutaja.

Msimamo wake kwa wajuzi wa kale ulikuwa huohuo. Walikuwapo watatu walioishi karne kadhaa kabla yake na waliosifiwa kama simba wa bahari: Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Layth bin Kahlan. Ibn Majid alikiri kwamba walimtangulia, akajiita simba wa nne. Lakini aliongeza kwamba wale walikuwa wakusanyaji wa habari za wengine, na kwamba safari zao wenyewe zilikuwa za masafa mafupi, ilhali yeye aliandika yale aliyoyajaribu. Ni kweli kwamba alipenda kujisifu, na msomaji wa leo huenda akachoshwa na majigambo yake. Hata hivyo, chini ya majigambo hayo imo hoja nzito: elimu ya maumbile hupimwa kwa majaribio, na jina kubwa la msemaji halitoshi kuifanya kauli kuwa kweli.

Bahari ya Rajaz

Kazi yake kubwa ya kwanza inayojulikana tarehe yake ni Hawiya, iliyokamilika mwaka 866 wa Hijra, yaani mwaka 1462. Ni shairi lenye beti zaidi ya 1000, lililogawanywa katika sura 11, na linakusanya misingi ya elimu ya safari za baharini. Wakati huo hakuwa amefika umri wa makamo. Kazi yake mashuhuri kuliko zote, Kitabu cha Manufaa katika Misingi na Kanuni za Elimu ya Bahari, aliikamilisha karibu mwaka 1490. Hiyo ni ya nathari, nayo ina milango 12 inayoanzia asili ya ubaharia na sumaku, ikapitia manazili ya mwezi, nyota, njia, visiwa na misimu, ikaishia Bahari ya Shamu.

Mwanafunzi wa fasihi atauliza ni kwa nini mtu mwenye uwezo wa kuandika nathari alitumia ushairi kwa sehemu kubwa ya kazi zake. Jibu limo katika mazingira ya kazi yenyewe. Usiku baharini, chombo kikiwa kinayumba na mawimbi yakirusha maji hadi sitahani, malimu hawezi kufungua kitabu mbele ya taa. Anahitaji elimu aliyoibeba kichwani, tena kwa mpangilio usiomruhusu kuruka hatua. Ibn Majid alichagua bahari ya rajaz, ambayo kwa Waarabu ilikuwa nyepesi kwa masikio na imezoeleka katika tungo za kufundishia sarufi na sheria. Katika tungo za aina hiyo, nusu mbili za kila ubeti huwa na kina kimoja, na vina hubadilika ubeti hadi ubeti. Mwanafunzi akisahau idadi ya vipimo, kina humkumbusha. Akikosea neno, mizani humsuta.

Jambo hili si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Utenzi nao umetumiwa tangu zamani kufundisha dini, historia na mienendo mema, kwa sababu mishororo yake mifupi huingia moyoni upesi. Tofauti ni kwamba tumezoea kuutazama ushairi wa kufundisha kama chombo cha maadili, tukasahau kwamba ungeweza pia kubeba hesabu. Tungo za Ibn Majid zina digrii, tarehe, kina cha maji na majina ya miamba. Kuzitenga na fasihi kwa sababu ya hesabu hizo ni kukosea. Kuzitenga na sayansi kwa sababu ya vina vyake ni kukosea vilevile.

Elimu ya Nyota na Kamal

Msingi wa elimu yake ni kanuni moja sahili. Mtu akisimama kwenye ikweta, ncha ya kaskazini ya mbingu huonekana palepale mbingu zinapokutana na bahari. Kadiri anavyokwenda kaskazini, ncha hiyo hupanda, na kimo chake huwa sawa na umbali wake kutoka ikweta ukipimwa kwa digrii. Kwa hivyo, mwenye kupima kimo hicho hujua yuko wapi kati ya kaskazini na kusini, hata kama hajaona ardhi kwa wiki tatu.

Chombo cha kupimia kiliitwa kamal. Kilikuwa kibao kidogo cha mbao chenye uzi uliopita katikati yake, na uzi huo ulitiwa mafundo. Malimu aliliuma fundo kwa meno, akakinyosha kibao mbele hadi uzi ukakaza, kisha akaweka ukingo wa chini kwenye upeo wa bahari na ukingo wa juu kwenye nyota. Uzi uliokazwa uliufanya umbali kati ya jicho na kibao usibadilike, na kwa hiyo pembe iliyopimwa ikawa ileile kila mara. Kipimo kiliitwa isba, yaani kidole. Duara nzima iligawanywa katika isba 224, hivyo isba moja ilikuwa digrii 1.6 hivi. Juu ya uso wa dunia, hizo ni takriban kilomita 178 za kwenda kaskazini au kusini. Isba moja iligawanywa tena katika zamu 8, na zamu moja ilikuwa mwendo wa saa 3 wa chombo chenye upepo mwema. Kwa hesabu hiyo, umbali ulipimwa kwa nyota na kwa wakati kwa pamoja.

Palikuwa na tatizo ambalo mtu asiye makini asingeligundua. Nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia waliiita Jaa, haikuwa kwenye ncha hasa. Katika karne ya 15 ilikuwa mbali na ncha kwa zaidi ya digrii 3, na kila siku ilizunguka ncha hiyo. Malimu aliyeipima ikiwa juu ya ncha, na mwingine akaipima ikiwa chini, wangetofautiana kwa zaidi ya isba 4, yaani zaidi ya kilomita 700. Ibn Majid alieleza jinsi ya kutumia manazili ya mwezi kujua Jaa iko wapi katika mzunguko wake, ili kipimo kisahihishwe. Alieleza pia nyota za kutumia Jaa inapozama. Msafiri anayekwenda Kilwa au Sofala huivuka ikweta, na huko nyota hiyo haisaidii. Hapo alitumia nyota nyingine za kaskazini zilizo juu zaidi, na nyota za kusini kama Suheli.

Dira yake nayo ilisomwa kwa nyota. Duara ya upeo iligawanywa katika sehemu 32: ncha mbili, na nyota 15 ambazo kila moja ilikuwa na mahali pa kuchomoza na mahali pa kutua. Sindano ya sumaku ilimwonyesha kaskazini hata mawingu yalipofunika mbingu, nayo mbingu zilipokuwa wazi ziliihakikisha sindano. Alipokaribia pwani alitumia bildi, yaani risasi iliyofungwa kwenye kamba, kupima kina cha maji. Aidha aliangalia rangi ya maji, ndege, majani yanayoelea na nyoka wa baharini, kwani vyote hivyo vilikuwa dalili za nchi kavu.

Elimu ya Pepo na ya Chombo

Mlango wa 11 wa kitabu chake kikuu unahusu misimu. Sayansi ya leo hueleza kwamba ardhi hupata joto na kupoa haraka kuliko maji. Bara la Asia linapopata joto katikati ya mwaka, hewa ya juu yake huwa nyepesi na kupanda, na hewa nzito ya baharini huvutwa kuchukua nafasi yake. Huo ndio upepo wa kusi. Mzunguko wa dunia huupinda ukishavuka ikweta, hata ukavuma kutoka kusini-magharibi kuelekea India. Mwishoni mwa mwaka, Asia inapopoa, mambo hugeuka na kaskazi hushika zamu yake.

Ibn Majid hakuijua nadharia ya joto la hewa kwa maneno hayo, lakini aliyajua matokeo yake kwa hesabu ya siku. Tarehe za kuanza safari alizihesabu kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi unaofuata jua, kwa kuwa miezi ya Hijra hufuata mwezi na huhama kutoka msimu hadi msimu. Hesabu ya namna hiyo ilikuwapo pwani ya Waswahili pia. Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi, Unguja, huiadhimisha hadi leo, ni mabaki ya kalenda ya jua iliyohesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi, na ambayo wakulima na mabaharia waliitegemea. Alisisitiza pia kwamba kusi linapokomaa bahari hufungwa: mawimbi huwa makubwa mno na bandari za magharibi mwa India haziingiliki. Kwa hiyo mwenye kwenda India kutoka pwani yetu alikuwa na nafasi mbili finyu, kabla kusi halijakomaa na baada ya nguvu zake kupungua. Kuikosa nafasi hiyo kulimaanisha kukaa bandarini kwa miezi, au kupotea.

Hakusahau kwamba hata malimu hodari hutegemea ubao aliousimamia. Alimshauri malimu akikague chombo kingali nchi kavu na kuandika kasoro zake zote, kwa kuwa kasoro inayoonekana kwa urahisi ufukoni huwa imejificha chini ya maji kinaposafiri. Ushauri huo una msingi katika kanuni ya kuelea. Chombo huelea maadamu uzito wake na wa shehena ni sawa na uzito wa maji kinayoyasukuma. Kila ndoo ya maji yanayovuja na kuingia kwenye ngama huongeza uzito, na chombo hudidimia kidogo. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1025 hivi, ilhali ya maji ya mto kama Chania au Tana ni kilo 1000. Hivyo, chombo kilichojazwa hadi ukomo wake baharini kitazama zaidi kikiingia kwenye mlango wa mto, pale hasa ambapo fungu la mchanga hukingoja. Aidha, farumi na shehena nzito huwekwa chini karibu na mkuku ili chombo kikilalia upande mmoja kwa nguvu ya tanga kiweze kujiinua.

Vyombo vya Bahari ya Hindi vilitengenezwa kwa kuzijua kanuni hizo. Mbao zake, kama zile za mtepe wa pwani yetu, zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kugongomewa misumari. Wageni kutoka Ulaya waliviona kuwa dhaifu. Lakini mbao zilizoshonwa hujikunja kidogo zinapopigwa na wimbi au zinapogusa mchanga, na nguvu ya pigo hutawanyika badala ya kupasua sehemu moja. Udhaifu wake ulikuwa kwamba huvuja, na ndiyo maana ukaguzi wa nchi kavu ulikuwa wa lazima.

Pwani ya Waswahili

Ibn Majid aliijua pwani ya Afrika Mashariki. Miongoni mwa mashairi yake limo Sufaliyya, linaloeleza njia ya kuelekea Sofala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji, kwa kupitia bandari za Waswahili. Katika kitabu chake kikuu, Zanzibar imo katika orodha ya visiwa kumi mashuhuri, pamoja na Sumatra na Java.

Ushahidi mwingine wa ukaribu huo umo katika lugha. Mabaharia wa pwani waliiita kaskazi ya mbingu jaa, na kusini wakakuita suheli, kwa majina ya nyota zilezile alizozipima. Neno matlai, ambalo kwake lilimaanisha mahali nyota inapochomoza, kwetu limekuwa jina la mashariki na la upepo utokao huko. Neno rahmani lilikuwa jina la vitabu vya kuelekeza njia za bahari. Kwetu ni ramani. Dira, ambayo kwake ilikuwa njia ya safari, kwetu ni chombo kinachoionyesha njia hiyo. Zamu, kipimo chake cha saa 3, sasa hutumiwa na askari wa lango na wauguzi wa hospitali. Rubani ameacha maji na kupanda ndege. Malimu na mwalimu ni neno moja, na hakuna shule ya Kenya isiyolitumia kila siku. Anayedai kwamba Kiswahili ni kigeni katika uwanja wa sayansi hana budi kwanza kuyaeleza maneno haya, kwa kuwa yaliingia katika lugha yakiwa istilahi za wataalamu kabla ya kuwa maneno ya watu wote.

Safari ya Mwaka 1498

Vasco da Gama aliwasili Malindi katikati ya Aprili 1498, baada ya kukosana na wenyeji wa Msumbiji na Mombasa. Mfalme wa Malindi alimpa malimu. Merikebu ziling'oa nanga tarehe 24 Aprili na kutia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei, siku 26 baadaye. Malindi iko takriban isba 2 kusini mwa ikweta, na Calicut isba 7 kaskazini. Aliyeongoza safari hiyo alijua vipimo hivyo, na zaidi ya hayo alijua tarehe. Kusi lilikuwa limeanza lakini halijakomaa, na bandari za India zilikuwa bado wazi.

Ubora wa ujuzi huo ulidhihirika wakati wa kurudi. Mwezi Oktoba 1498, da Gama aliondoka pwani ya India kabla kaskazi haijashika. Upepo ulikufa, au ulivuma kwa mbele, na merikebu zake hazikuweza kusonga kwa kubisha. Safari iliyochukua siku 26 kwa kwenda ilichukua karibu miezi mitatu kwa kurudi. Mabaharia walivimba ufizi kwa kukosa matunda na mboga, na wapatao 30 walikufa. Waliiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499, kisha wakafika Malindi wakiwa wachache kiasi kwamba iliwabidi kuichoma merikebu moja. Bahari ilikuwa ileile na merikebu zilezile. Kilichopungua ni elimu ya msimu.

Je, malimu wa Malindi alikuwa Ahmad bin Majid? Mwandishi aliyemtaja kwa jina ni Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, aliyefariki mwaka 1582. Yeye aliandika zaidi ya miaka 70 baada ya safari, akadai kwamba Ibn Majid aliitoa siri ya njia akiwa amelewa. Wareno waliokuwa karibu zaidi na tukio hawasemi hivyo. Habari za safari zilizoandikwa na mmoja wa waliokuwamo zinamtaja malimu huyo kama Mkristo, na waandishi wao wa karne ya 16 wanamwita Mgujarati kwa jina la Malemo Cana au Canaqua. Maneno hayo si jina la mtu. La kwanza ni malimu, na la pili ni neno la Kihindi lenye maana ya mnajimu. Katika miaka ya 1920, mtaalamu wa Kifaransa Gabriel Ferrand, aliyezitoa kazi za Ibn Majid kutoka maktaba ya Paris, aliunga mkono dai la al-Nahrawali, na kwa hilo dai likaenea duniani. Wataalamu wa baadaye wamelipinga. Mwaka 1498 Ibn Majid alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 60, na vyanzo vya Kireno havimlengi. Aidha, mistari ya Sufaliyya inayowataja Wareno inashukiwa kuwa iliongezwa na mkono mwingine.

Hata tukijaalia kwamba dai lile ni la kweli, lawama yake haina uzito. Njia ya Malindi hadi India haikuwa siri. Vyombo vya Gujarat vilikuwa vikitia nanga Malindi, na malimu waliokuwa na uwezo wa kuongoza safari hiyo walikuwa wengi. Uovu uliofuata, yaani mizinga iliyopigwa Kilwa na Mombasa mwaka 1505, ulitendwa na waliozishika silaha hizo. Kumtwika mzigo huo mzee mmoja wa Julfar ni kutafuta mhalifu aliye karibu na kumwachilia aliye mkubwa.

Hitimisho

Shairi la mwisho la Ibn Majid lenye tarehe ni la mwaka 906 wa Hijra, yaani karibu mwaka 1500, na baada ya hapo kalamu yake ikanyamaza. Elimu yake haikunyamaza. Mwaka 1554, Seydi Ali, amiri wa manowari za Uturuki aliyekwama Gujarat baada ya tufani, alikusanya kitabu cha bahari kwa kutegemea kazi zake na za Sulaiman al-Mahri. Miaka 300 baadaye, mwaka 1854, mabaharia wa Aden walikuwa bado wakimsomea Fatiha Sheikh Majid kabla ya kutweka tanga.

Katika kitabu chake, Ibn Majid aliwagawa malimu katika daraja tatu. Wa kwanza ni yule ambaye mara hupatia na mara hukosea. Wa pili ni hodari anayesifika katika njia alizozizoea, lakini akifa husahauliwa. Wa tatu ni yule ambaye hakuna jambo la bahari linalompita, na ambaye huandika ili watu wanufaike akiwa hai na baada ya kufa kwake. Mpimaji wa haki atampima kwa daraja alizoziweka mwenyewe. Aliyeziongoza merikebu za da Gama, yeyote aliyekuwa, alifanya kazi ya daraja la pili, na jina lake limepotea. Ahmad bin Majid aliandika, na msomaji wa Kiswahili anayetamka jaa, dira, ramani au zamu anatumia maneno ya taaluma aliyoiandikia.